Alimpiga au Alijipiga? Mantiki ya Kubadilishana Miili Katika Michezo ya Televisheni

Miongoni mwa mikasa ya ajabu ionyeshwayo kwa televisheni, mmoja hurudiwa mno, nao ni ule wa watu wawili kubadilishana miili kwa nguvu ya uchawi. Nafsi ya huyu hutoka ikaingia katika mwili wa yule, na nafsi ya yule ikaingia katika mwili wa huyu. Kila mmoja hujitazama kiooni akaona sura isiyo yake. Kwa muda wa saa moja hivi jamaa na marafiki hudanganyika, mambo huharibika, kisha uchawi hutanguliwa na kila nafsi hurejea kwake. Wengi wameudharau mkasa huu kuwa ni kichekesho cha watoto, na ni kweli kwamba michezo mingi ya namna hii haistahili zaidi ya kuchekwa. Lakini mtaalamu wa lugha akiutazama kwa makini ataona kwamba umejengwa juu ya jambo ambalo yeye hushughulika nalo kila siku, yaani matumizi ya nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na kwamba Kiswahili, kwa jinsi kinavyounda vitenzi vyake, chaweza kuuonyesha muundo wa mkasa huu waziwazi kuliko Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya michezo itakayotajwa hapa.

Yafaa kwanza kuutenga mkasa huu na mingine iliyo jirani yake. Katika ngano nyingi mtu hugeuzwa nyoka, ndege au paa, naye hukaa katika umbo hilo mpaka apatikane wa kumfungua. Hapo umbo limebadilika, lakini hapana mtu wa pili aliyenyang'anywa umbo lake. Jirani wa karibu zaidi ni pepo. Katika uganga wa pepo wa pwani mgonjwa huitwa kiti. Pepo humpanda kichwani akasema kwa kinywa chake, pengine kwa lugha ambayo kiti haijui. Mwili ni mmoja, na wenye kuugombania ni wawili. Mganga humwuliza pepo jina lake, kabila lake na haja yake, na kujitaja huko kwa pepo ni sehemu kubwa ya matibabu. Katika kubadilishana miili mambo ni kinyume. Miili ni miwili na wenyewe ni wawili, ila kila mmoja yumo katika nyumba ya mwenziwe. Na aliyeingia kwa hila hataki kabisa kuulizwa jina. Hulitumia jina la mwenye mwili, huketi kitini pake, hula chakula chake, na hila yote hutegemea kwamba hapana atakayemwuliza: U nani?

Swali hilo lilipata kuulizwa zamani na watu wasiokuwa na habari ya televisheni. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa juu ya akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694, alitoa mfano wa nafsi ya mwana wa mfalme iliyoingia katika mwili wa mshona viatu, ikichukua pamoja nayo kumbukumbu za maisha yake ya kifalme. Kwa hoja yake, huyo ndiye mwana wa mfalme, na ndiye apasaye kujibu kwa matendo ya mwana wa mfalme; lakini kwa watu wote, isipokuwa yeye mwenyewe, atakuwa mshona viatu yule yule. Mwaka 1882 F. Anstey aliandika hadithi ya baba na mwanawe wanaochukua kila mmoja umbo la mwenziwe kwa jiwe la uchawi lililotoka Bara Hindi: baba, alipokuwa akimwaga mtoto aendaye shuleni, aliropoka kwamba laiti angekuwa kijana tena, na jiwe lililokuwa mkononi mwake likamtii. Mwaka 1972 Mary Rodgers, wa Marekani, akatunga ya mama na binti, nayo ikafanywa filamu mwaka 1976. Televisheni ilirithi vitu viwili kutoka kwa watangulizi hao: kutoka kwa Locke ile tofauti ya ajijuavyo mtu na ajulikanavyo na wengine, kutoka kwa watunga hadithi, furaha ya kumtazama mtu akipata taabu katika ngozi ya mwingine.

Tofauti hiyo ya Locke ndiyo ufunguo, na sarufi ndiyo mahali pake. Katika maisha ya kawaida maneno mimi, wewe na yeye hayamsumbui mtu. Mimi ni asemaye, wewe ni aambiwaye, yeye ni asemwaye. Na kwa kuwa kila mmoja wao ana mwili mmoja na nafsi moja, hapana haja ya kuuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kinachotajwa. Mkasa wa kubadilishana miili huvitenga. Tangu hapo mimi hufuata nafsi, kwa sababu nafsi ndiyo isemayo na ikumbukayo. Yeye hufuata mwili, kwa sababu watu humwonyesha mtu kwa kidole, na kidole hakiwezi kuonyesha kisichoonekana. Wewe hubaki katikati, hana kwao. Kwani asemaye huuelekeza mwili, na isikiayo ni nafsi. Karibu kila tukio zuri katika michezo hii ni ugomvi juu ya neno wewe. Wanasarufi wa Kiswahili, walipochagua neno nafsi kwa kutaja ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila shaka hawakuwa wakifikiria uchawi. Lakini wangaliufikiria wasingalipata neno lifaalo zaidi.

Lugha ina akiba nyingine ya kusaidia. Neno mwenyewe lina maana mbili ambazo lugha nyingi huzitia katika maneno mawili: mtu kwa dhati yake, na mwenye mali. Mgeni apigaye hodi huuliza kama wenyewe wamo, na jibu laweza kuwa kwamba mwenyewe hayumo. Ukiuchukua mwili kuwa nyumba, mkasa wote waweza kusemwa kwa maneno haya ya kila siku: nyumba ipo, taa zawaka, sauti yasikika, lakini mwenyewe hayumo. Kiambishi hicho kidogo cha ndani, -mo, hufanya kazi ambayo katika lugha nyingine hutaka sentensi nzima ya maelezo.

Mfano ulio bora kuliko yote unapatikana katika mchezo wa Marekani uitwao Buffy the Vampire Slayer, uliobuniwa na Joss Whedon na kuonyeshwa tangu mwaka 1997 hata 2003. Buffy ni msichana aliyeteuliwa kupigana na wafu wanyonyao damu. Faith ni msichana wa pili mwenye uteuzi na nguvu zile zile, lakini aliyepotoka: alimwua mtu, akauficha ukweli, kisha akajiunga na meya wa mji, adui wa Buffy. Wawili hao walipigana, Faith akachomwa kisu na kupotewa na fahamu kwa miezi minane. Katika vipindi viwili vya Februari 2000 anaamka, anakuta meya amekwisha kufa, ila amemwachia chombo kidogo cha uchawi. Wapambanapo tena, Faith anaushika mkono wa Buffy akiwa na chombo hicho kiganjani, na mara nafsi zao zinapishana. Anakivunja chombo. Buffy, akiwa sasa katika mwili wa mkosaji, anakamatwa. Faith anabaki nyumbani na mama wa Buffy, jina la Buffy na rafiki za Buffy. Kipindi cha pili, ambacho Whedon alikiandika na kukiongoza mwenyewe, kina jina liwezalo kufasiriwa kwa maneno mawili tu: U Nani?

Tukio la kwanza la kuangaliwa ni la kioo. Faith anasimama peke yake akijifunza kuwa Buffy. Anaikunja sura, anaisawazisha sauti, na anarudia mara nyingi, kwa mizaha, namna Buffy amkatazavyo mtu jambo kwa sababu ni baya. Sauti ni ya Buffy, kinywa ni cha Buffy, maneno ni ya Buffy, na hata hivyo yasemwayo si kauli ya Buffy wala ya mtu ye yote. Ni lafudhi tupu. Mwisho wa kipindi, mbele ya wafu waliowateka watu kanisani, Faith anayasema maneno yale yale, kwa kinywa kile kile, na safari hii ni kauli yake. Mwili haukubadilika kati ya kioo na kanisa, na maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wa msemaji na neno mimi lililojificha ndani ya maneno hayo. Somo zima juu ya tofauti ya kunukuu na kusema laweza kufundishwa kwa matukio haya mawili.

Kati ya kioo na kanisa mna matukio mawili ambayo Kiswahili huyaeleza kwa kiambishi kimoja, -ku-. Katika jumba la muziki Faith anamwokoa mwanamke aliyeshikwa na mfu mnyonya damu, na mwanamke huyo anamshukuru. Ashukuruye anauona uso wa Buffy, kwa hiyo -ku- ya nakushukuru yauelekea mwili. Lakini tendo lililoshukuriwa lilitendwa na nafsi ya Faith, na shukrani yampata aliyeistahili, bila ya mwenye kuitoa kumjua. Faith hana la kujibu. Baadaye analala na Riley, mpenzi wa Buffy, kwa kusudi la kuharibu. Na Riley anamwambia kwamba anampenda. Hapa -ku- ya nakupenda yaelekea uso ule ule, yasikiwa na nafsi ile ile, lakini si yake. Faith anaingiwa na hofu na hasira ambazo Riley hawezi kuzielewa. Kwa sikio la mtazamaji matamko mawili yamefanana, mtu wa tatu asiyejua kitu akimwambia wewe msichana mmoja. Na tofauti ya kupewa haki na kuiba haki imo katika kiambishi kisichobadilika sauti.

Kilele ni kanisani. Buffy amefika, akiwa katika mwili wa Faith, na wawili wanapambana. Faith, akiwa katika mwili wa Buffy, anamwangusha mwenziwe chini na kuupiga uso ulio mbele yake, uso ambao ni wake tangu kuzaliwa, huku akiutukana kwa chuki kuu. Mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kulikwepa swali: alimpiga au alijipiga? Kitenzi hakimruhusu kunyamaza, kwa kuwa -m- na -ji- hukaa mahali pamoja na hutengana kabisa kwa maana.

Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Tukihesabu kwa nafsi, Faith alimpiga Buffy: alimpiga. Tukihesabu kwa miili, mwili wa Buffy uliupiga mwili wa Faith: alimpiga vilevile. Hesabu zote mbili, kila moja ikifuatwa kwa uaminifu, huleta -m-. Na hata hivyo kila atazamaye tukio hilo hujua bila kuambiwa kwamba neno la haki ni alijipiga. Jibu hilo hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kumhesabu mtenda kwa nafsi na mtendwa kwa mwili, katika kitenzi kimoja. Kwa sarufi ya kawaida huo ni ukorofi. Kwa mkasa huu ndiyo sababu ya mkasa kuwapo. Chuki ya mtu juu ya nafsi yake haionekani kwa macho, wala mtu hawezi kuupiga uso wake mwenyewe kwa nguvu zake zote. Uchawi umempa Faith fursa ya kuuona uso huo kwa nje, kama adui auonavyo. Wala uchungu wenyewe haukumfikia aliyejipiga, bali ulimfikia Buffy, aliyekuwamo ndani ya uso huo wakati ule.

Hayo yakishikwa, mambo mengine ya mkasa hueleweka upesi. Huwapo daima swali la ushahidi: aliyenyang'anywa mwili awathibitishieje wengine kwamba yeye ni yeye? Njia iliyozoeleka ni siri, na ndiyo itumiwayo na Buffy kwa mwalimu wake Giles: anamtajia mambo ambayo Faith hangeweza kuyajua. Katika kipindi cha mwisho cha Star Trek ya kwanza, kilichoonyeshwa tarehe 3 Juni 1969, njia hiyo ilipimwa ikaonekana pungufu. Hapo kilichobadilisha miili ni mashine ya kale wala si uchawi, lakini mantiki ni ile ile: mwanamke aitwaye Janice Lester amechukua mwili wa nahodha Kirk, na Kirk amefungiwa katika wake. Kirk anamsimulia Spock mambo waliyoyapitia pamoja. Spock ajibu kwamba mambo hayo yaliwekwa katika kumbukumbu, na mwingine aweza kuyasoma. Ndipo anapotumia uwezo wake wa kugusa akili kwa akili, akaamini. Na katika baraza la hukumu imani yake haikufaa kitu, kwa sababu aliyeyaona hayo ni yeye peke yake. Kwa Mwingereza kipindi hicho kina taabu ya ziada, yaani kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike kila amtajapo nahodha. Kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili huepushwa na taabu hiyo. Lakini hupoteza pia mzaha ulio ndani yake.

Kuna namna ya tatu ya ushahidi, nayo ndiyo nzuri zaidi. Katika mchezo wa Buffy, mama hakutambua, mpenzi hakutambua, rafiki wa miaka mingi hakutambua. Aliyetambua ni Tara, msichana mwenye ujuzi wa uganga, ambaye alikuwa hajapata kuonana na Buffy hata siku moja. Wanaomjua mtu humsalimu kwa mazoea, na macho yao hujaza kilichopunguka. Tara hakuwa na mazoea, kwa hiyo alimwona aliyekuwamo.

Kuhusu nini huhama na nini hubaki, watungaji hawana kanuni moja, na si lazima wawe nayo. Kumbukumbu, matakwa na namna ya kusema huhama. Kovu, nguvu, madeni na jina hubaki. Sauti hubaki kwa kuwa ni ya koo, ila lafudhi huhama. Whedon aliukwepa ugumu mmoja kwa werevu, kwa kuwa wasichana wake wawili walikuwa na nguvu sawa tangu mwanzo, na hapakuwa na haja ya kuuliza kama nguvu ni ya nafsi au ya mwili. Lakini katika televisheni upo mwili wa tatu usiosahaulika, nao ni wa mchezaji. Katika Xena: Warrior Princess, kipindi kimoja cha mwaka 1996 kilimfanya Xena abadilishane mwili na Callisto, adui aliyemwua mume wa rafiki yake Gabrielle. Hadithi ilikusudiwa imalizike kwa kila mmoja kurudi kwake. Oktoba ya mwaka huo Lucy Lawless, aliyemcheza Xena, alianguka na farasi akavunjika mfupa wa nyonga. Mwisho ukabadilishwa: Xena akabaki katika mwili wa Callisto, akichezwa na Hudson Leick, hata kipindi kilichofuata. Gabrielle, kwa ajili ya mfupa uliovunjika nje ya hadithi, akalazimika kusafiri na mwenziwe mpenzi mwenye uso wa mwuaji wa mumewe. Ajali ilizaa wazo ambalo mtungaji pengine asingalithubutu kuliandika.

Kuhusu kutangua uchawi hapana mengi. Mwaka 1969 mabadiliko yalichakaa yenyewe. Mwaka 2000 rafiki za Buffy waliunda chombo cha pili. Ni mchezo wa katuni Futurama peke yake, mwaka 2010, uliolifanya tanguo kuwa hesabu halisi: mashine yake haikuweza kuwabadilisha mara ya pili watu wale wale wawili, na Ken Keeler, mwandishi mwenye shahada ya udaktari wa hisabati, akathibitisha kwamba, hata wawe wamechanganyika wangapi, watu wawili wapya watosha kumrudisha kila mmoja mahali pake.

Lau msimulizi mmojawapo wa Dar es Salaam au Nairobi, wale wanaotia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, angepewa kipindi kile cha mwaka 2000, angekuwa na kazi kubwa kuliko ya mfasiri wa kitabu, maana angelazimika kuamua papo hapo amwite nani kwa jina gani. Akifuata uso atawapoteza wasikilizaji. Akifuata nafsi atapingana na macho yao. Pengine lililo jema ni kutaja majina kwa nafsi, kuacha viambishi vifuate uso, na mara moja tu, pale kanisani, kuvunja utaratibu huo kwa -ji-. Akiutumia mapema, kila mara Faith amgusapo Buffy, hautabaki na nguvu wakati unapohitajiwa.

Mapigano yalipokwisha, Buffy alikishika chombo kipya, akarudi mwilini mwake, na Faith akakimbia. Kisha Buffy akajua yaliyotendeka kwa Riley. Mwili wake ulikuwapo, mwenyewe hakuwamo, na hapana tanguo la kuliondoa hilo. Lilikaa kati yao baada ya hapo. Faith alikwenda Los Angeles, katika mchezo mwingine wa jamaa hiyo hiyo, Angel, na huko mwaka huo huo wa 2000 alikwenda polisi kwa miguu yake akaungama. Alijishitaki, akiwa katika mwili wake mwenyewe.